Jinsi ya kufungua kituo cha chakula cha bure cha watoto sammer (likizo ndefu ya kiangazi) hapa Marekani (na sio lazima uwe na NGO)

Shule zikishafungwa tu, kuna hesabu ambayo wazazi wengi wanaipiga kimoyomoyo hawaisemi. Mtoto aliyekuwa anakunywa chai shuleni asubuhi na kula mchana hukohuko siku 5 kwa wiki, ghafla hiyo milo 10 ya wiki inahamia nyumbani, kama wapo watatu ni milo 30, na mshahara ni uleule, food stamp (msaada wa serikali wa kununua chakula) ni zilezile. Mama yuko shifti kiwanda cha kuku, baba yuko ghalani anapakia maboksi, watoto wamejifungia ndani na yule mkubwa ambaye naye bado mtoto ndo anawachemshia noodles wenzake mchana na pengine jioni tena.

Sasa serikali ya hapa ina mpango wa kulisha watoto kipindi hiki na sio mpya, ulianza kwa majaribio mwaka 1968, ikafika 1975 ukasimama wenyewe, unaitwa Summer Food Service Program, kwenye makaratasi utakuta wameandika SFSP na siku hizi kwenye mabango wanauita SUN Meals. Chakula ni bure kwa mtoto yeyote wa miaka 18 kushuka chini. Pesa ipo, sheria ipo, jiko la kupika mara nyingi nalo lipo. Kinachokosekana ni mahali karibu na watoto wanapokaa, na mtu mzima wa kusimama pale kila siku saa ileile. Hapo ndo kanisa lenu au msikiti wenu au jumuiya yenu ya pale apatimenti inapoweza kuingia.

Ila watu wetu tunajijua. Tukisikia habari kama hii cha kwanza tunataka kusajili shirika, tuandike katiba, tuchague mwenyekiti na katibu, tugombane wee juu ya mweka hazina, na mwezi wa nane unafika watoto wanarudi shule hakuna hata mmoja aliyekula. Kwa mwaka wa kwanza achana na shirika. Chukua kituo.

Mfumo wenyewe unavyokwenda

Pesa inatoka USDA, yani wizara ya kilimo ya serikali kuu, inashuka kwa ofisi ya jimbo (majimbo mengi ni idara ya elimu, Texas kwa mfano ni idara ya kilimo), halafu kwa sponsa, halafu chini kabisa kuna kituo. Sponsa ndo mwenye mkataba na jimbo, anaweza kuwa wilaya ya shule, serikali ya mji, kambi ya watoto ya likizo, chuo au shirika lisilo la faida. Yeye ndo anaagiza au anapika chakula, anajaza madai, anarudishiwa pesa kwa kila mlo uliotolewa kihalali, na kukiwa na makosa kwenye madai ni yeye anayebanwa. Kituo ni mahali tu watoto wanapokaa na kula. Inaweza kuwa ukumbi wa kanisa, maktaba, uwanja wa kuchezea, chumba cha jumuiya cha apatimenti, hata chini ya mti ilimradi pawe pasafi na pana kivuli.

Kwahiyo wewe mwenye kituo hushiki pesa, na mimi naona hiyo ni neema. Kazi yako ni tatu, kuwa na mahali, kuwa na watu, na kuhesabu bila kudanganya. Mtu akikuambia kuna hela ya kugawana humu kaa naye mbali, viwango vya kurudishiwa vinapangwa upya kila mwaka na ni vya kulipia chakula na uendeshaji, na hii ni pesa ya serikali, watu wameshafungwa kwa kudai milo hewa.

Eneo lako linakubalika?

Aina ya kituo unayoitaka wewe ni kile kilicho wazi kwa watoto wote wa mtaa. Sharti lake ni kwamba angalau nusu ya watoto wa eneo lile wawe wanastahili chakula cha shule cha bure au cha bei ya chini, na kustahili maana yake kipato cha familia kiwe hakizidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Usianze kuzunguka nyumba kwa nyumba kuuliza watu mishahara yao, utafukuzwa na utakuwa umestahili. Hiyo nusu inathibitishwa kwa takwimu za shule iliyo karibu au za sensa, USDA wana ramani yao mtandaoni, unaandika anuani unaona eneo lako limepakwa rangi au la. Likishathibitishwa linadumu miaka 5.

Kama eneo halijafika nusu bado kuna njia, mnafungua kituo cha watoto walioandikishwa, hapo wazazi wanajaza fomu za kipato na angalau nusu ya watoto walioandikishwa wawe wanastahili, wakitimia basi wote wanakula bure. Ina makaratasi zaidi, na kwa wazazi wetu fomu yenye maswali ya kipato inawatisha, kwahiyo ukiweza hamishia kituo mtaa wa pili ambako ramani inakubali, tafuta kanisa la huko hata kama si la dhehebu lenu.

Kwenye kituo cha wazi hakuna kujiandikisha, hakuna kitambulisho, hakuna kuuliza mtoto anatoka wapi au baba yake ana karatasi gani. Anakuja, anakaa, anakula. Nalirudia hili kwa sababu ndilo swali la kwanza utakaloulizwa na kina mama, na wengine hawataliuliza watakaa tu kimya wasimlete mtoto. Na mtoto wa jirani mwenye gari zuri akija naye anakula, usimkodolee macho.

Tafuta sponsa mapema, mapema kweli

Huku vitu vya sammer vinapangwa kukiwa na barafu nje. Mwezi wa kwanza au wa pili piga simu wilaya ya shule, omba kuongea na ofisi ya chakula (sio mwalimu mkuu, yeye hahusiki na haya), uwaambie una ukumbi mtaa fulani, kuna watoto wengi hawana usafiri wa kufika kwenye shule inayogawa chakula, na una watu wa kusimamia. Wasipokuwa na nafasi piga ofisi ya jimbo inayosimamia mpango, waombe majina ya sponsa wanaofanya kazi kaunti yako, wanayo na wanafurahi kukupa, manake wao wenyewe wanasakwa na wakubwa zao wafikie watoto wengi zaidi. Benki ya chakula ya eneo lenu nayo mara nyingi ni sponsa au inamjua.

Kisheria tarehe ya mwisho kabisa ya sponsa kupeleka maombi ni Juni 15, ila majimbo mengi yanafunga mapema zaidi ya hapo, na sponsa akishapanga njia za magari ya chakula hataki kusikia habari za kituo kipya. Ukipiga simu mwezi wa tano utajibiwa kwa upole sana na hutapata kitu.

Mkikutana naye kuna maswali ya kuuliza hapohapo: chakula kinaletwa saa ngapi na nani, ni cha moto au cha baridi, nani analeta barafu au friji, idadi ya milo inabadilishwa vipi na kabla ya saa ngapi, mkimaliza mabaki yanaenda wapi, siku yule msimamizi akiumwa nani anaruhusiwa kusaini. Hili la kusaini wengi wanalisahau, halafu siku ya msiba jumuiya nzima iko msibani, chakula kimefika na hakuna mtu aliyepata mafunzo wa kukipokea.

Mafunzo ni lazima, kituo hakiruhusiwi kufunguliwa kama wasimamizi hawajafundishwa na sponsa, na ndani yake kuna somo la haki za raia, yani kutombagua mtoto yeyote, pamoja na bango linaloitwa And Justice for All mnalolibandika mahali linapoonekana. Peleka watu wanne watano mafunzoni hata kama wanaohitajika ni wawili. Sponsa pia atakuja kukagua mahali kabla hamjafungua: choo kinachofanya kazi, maji ya kunawa na ya kunywa, meza, pipa la taka lenye mfuniko, kivuli, na mvua ikinyesha mnaenda wapi. Kama ukumbi si wenu hakikisha mwenye ukumbi ametoa ruhusa ya maandishi kwa sammer nzima, sio ile ya mdomo ya mchungaji halafu mwezi wa saba kunatokea harusi.

Watu wa kujitolea muwachague kama mnavyochagua mtu wa kumwachia watoto wenu. Sponsa wengi wanataka wapekuliwe rekodi zao polisi, asipotaka yeye mtake nyie. Watu wazima wasiopungua wawili muda wote, hakuna mtu kubaki na mtoto peke yake chumbani. Vijana wa miaka 15, 16 wanafaa sana kwenye kugawa, na wao wenyewe wanaruhusiwa kula.

Chakula chenyewe

Ukubali mapema kwamba mara nyingi hutapika wewe. Kitaletwa kutoka jiko la shule, sandwichi ya nyama ya bata mzinga, tufaha, karoti ndogondogo, paketi ya maziwa, na watoto waliozoea wali na maharage wataiangalia. Wiki ya pili watakuwa wanaila, ila karoti zitakusumbua.

Mlo wa mchana ili uhesabike lazima uwe na vitu hivi vyote: maziwa kikombe kimoja, nyama au mbadala wake aunsi 2, nafaka kiasi cha slaisi moja ya mkate, na matunda au mboga za aina mbili au zaidi ambazo jumla yake ni robo tatu ya kikombe. Chai ya asubuhi ni maziwa kikombe kimoja, nafaka, na nusu kikombe cha tunda au mboga au juisi halisi. Kitafunwa ni vitu viwili kati ya yale makundi manne, ila juisi na maziwa havihesabiki pamoja kama viwili. Kituo cha kawaida kinaruhusiwa milo miwili kwa siku kwa mpangilio wowote isipokuwa mchana na jioni pamoja, kambi na vituo vya watoto wa wafanyakazi wahamiaji wa mashambani wanaweza kufika mitatu. Kwa kituo kipya mimi ningeanza na mchana peke yake, ukiongeza asubuhi unahitaji watu wa kuamka na hao wanaisha haraka wiki ya tatu.

Kama sponsa wenu ana jiko na yuko tayari kusikiliza, ongea naye kuhusu vyakula vya kwetu, manake vingi vinaingia kwenye hesabu bila shida. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kinahesabika aunsi 2 za mbadala wa nyama (au kinahesabika mboga, sio vyote viwili kwa sahani moja). Yai moja kubwa nalo ni aunsi 2. Wali, chapati na hata ugali vinakubalika kama nafaka ilimradi unga au mchele uwe wa nafaka nzima au ulioongezwa virutubisho, na hiyo imeandikwa kwenye mfuko, mpelekee mfuko wenyewe auone. Mchicha ni mboga, ndizi ni tunda. Usiende kumwambia tu watoto wetu hawapendi sandwichi, nenda na menyu ya wiki moja imepigwa mahesabu ya aunsi na vikombe, hapo anakuchukulia kama mtu wa kazi.

Nguruwe. Kama mna watoto Waislamu liseme hili mwezi wa pili, sio siku sandwichi za ham zimeshafika. Sponsa kwa sababu za dini halazimishwi kubadilisha, lakini wengi wanakubali ukiwaambia mapema, wanaondoa nguruwe kwenye menyu nzima na inakuwa rahisi kwa kila mtu. Mtoto mwenye aleji au ugonjwa unaomzuia chakula fulani huyo ni suala jingine, akileta karatasi ya mtaalamu wa afya sponsa analazimika kumtafutia mbadala. Na kwa wale ambao maziwa yanawavuruga tumbo, na kwetu ni wengi, maziwa yaliyotolewa lactose (ile sukari ya maziwa) yanahesabika kama maziwa, uliza.

Kuhusu joto la chakula sitazunguka. Cha baridi kikae nyuzi 40 za Fahrenheit au chini yake, cha moto 140 au juu, katikati hapo ndo vijidudu vinazaliana. Pima kikifika, andika saa na namba, na kama sandwichi zimefika zina joto kataa kupokea hata kama watoto wameshakaa wanasubiri, mpigie sponsa alete vingine. Nunueni kipima joto chenu na madeli mawili ya barafu hata kama sponsa ameahidi. Chakula kilichokaa nje ya friji au deli masaa mawili kinatupwa, na siku joto la nje likizidi 90 ni saa moja tu. Najua kutupa chakula kunauma, sisi tumelelewa kwamba chakula hakitupwi, lakini watoto thelathini wakiharisha usiku mmoja mtaa mzima hautaleta mtoto tena.

Kuhesabu, hapa ndo vituo vinafungwa

Mlo unahesabiwa pale mtoto anapoupokea, mmoja mmoja, sahani ikiwa kamili, mtu mmoja kashika karatasi yenye namba anakata 1, 2, 3. Usihesabu vichwa kabla hawajala, usihesabu maboksi matupu mwishoni, na usije ukaandika 40 kwa sababu yameletwa 40. Wakija 27 ni 27, na namba zinazofanana kila siku ndo kitu cha kwanza mkaguzi anakitilia shaka, watoto wa kweli hawaji 40 kila siku, leo mvua, kesho kuna sherehe kwa jirani. Mkaguzi wa jimbo anaweza kuja bila taarifa, akasimama pembeni, akahesabu na yeye.

Mtoto bado ana njaa anataka sahani ya pili? Anapewa kama zipo, lakini baada ya kila mtoto kupata ya kwanza, na inaandikwa sehemu yake, kwani sponsa anarudishiwa za pili kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 tu ya za kwanza. Zikiwa nyingi maana yake unaagiza kupita kiasi, punguza oda. Milo ya watu wazima inaandikwa mbali kabisa, haidaiwi kama ya watoto. Na saa zenu zilizoidhinishwa zikiwa saa 6 mpaka saa 7 mchana basi mlo uliotolewa saa 7 na nusu haulipwi, hata kama mtoto amekimbia kutoka mbali, utampa ndio lakini hesabu haitambui.

Weka meza ya kugawana. Mtoto asiyetaka karoti au maziwa hajafungua anaweka pale, mwingine anayetaka zaidi anachukua bila kuomba mtu, vya baridi vikae kwenye barafu. Hii peke yake inapunguza sana kutupa, na inaondoa lile jambo la watoto kuchomoleana kwenye sahani.

Halafu kuna ugomvi utakaokuwa nao na wazazi, chakula kinaliwa palepale. Wengi wanakumbuka kipindi cha korona, tangu 2020 mpaka sammer ya 2022, walikuwa wanapita na gari wanapewa maboksi ya wiki nzima wanaenda nayo, wanadhani umeamua tu kuwa mkali. Ile ilikuwa ruhusa ya dharura na imeisha. Sheria iliyopitishwa mwisho wa 2022 imeruhusu kubeba au kupelekewa nyumbani kwa maeneo ya vijijini tu, kule vituo vilipo mbali, kwahiyo kama mko shamba muulize sponsa kuhusu SUN Meals To-Go, kama mko mjini mtoto akae ale. Kitu kimoja kama tunda au mkate sponsa anaweza kuruhusu aondoke nacho, uliza yeye anasemaje. Uliza pia siku za joto kali inakuwaje kwa kituo cha nje, manake kuna ruhusa maalum ambazo majimbo huomba.

Na mama anayekaa na mtoto wake akamalizia mabaki kwenye sahani, hilo haliruhusiwi, na ndo jambo gumu kuliko yote kumwambia mtu mzima. Ukiona hivyo ujue yule mama hajala. Usimsemeshe mbele za watu, nenda benki ya chakula omba wawaletee maboksi ya familia siku moja kwa wiki palepale kituoni, iwe meza nyingine kabisa na karatasi nyingine. Vituo vingi vinafanya hivyo na tatizo linapungua lenyewe.

Watoto waje

Kufungua mlango sio tangazo. Sponsa anatoa taarifa kwa vyombo vya habari kwa sababu anatakiwa, lakini mama aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hasomi gazeti la mji. Vipeperushi viwe kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kilingala, Kisomali, kutegemea nani yuko hapo, viandikwe bure, umri mpaka miaka 18, hakuna kujiandikisha, hakuna kuuliza karatasi, siku na saa, picha ya jengo. Picha ya jengo inasaidia kuliko anuani. Bandika kwenye chumba cha kufulia nguo cha apatimenti, dukani kwa Mkongo, kituo cha basi, na rekodi sauti uitume kwenye magrupu ya WhatsApp ya kina mama, sauti ya mtu wanayemjua, mama mchungaji au bibi fulani anayeheshimika. Tangazo la maandishi wataliruka, ile sauti watarushiana mpaka kaunti ya pili.

Vijana wakubwa ndo wagumu. Mtoto wa miaka 9 anakuja kwa harufu tu, wa 15 anaona aibu kuonekana kwenye foleni ya chakula cha bure. Usimwite kuja kula, mwite kucheza. Mpira unaanza saa 5, chakula saa 6, na anayecheza anajikuta ameshakaa mezani na wenzake. Au mpe kazi, ashike karatasi ya kuhesabu, agawe maziwa, awasomee wadogo. Kituo chenye mpira, vitabu vya maktaba na mtu wa kusuka nywele kinajaa, kituo chenye meza na chakula peke yake kinapungua kila wiki.

Usafiri wa miguu ndo kila kitu. Kama kati ya apatimenti na ukumbi kuna barabara kubwa ya magari, watoto wadogo hawatavuka, kwahiyo ama kituo kihamie upande wao ama mtu mzima awafuate na kuwavusha saa ileile kila siku. Na siku mnazofunga zitangaze wiki moja kabla, Juni 19 na Julai 4 sponsa wengi hawaleti chakula, mtoto haelewi sikukuu, anakuja anakuta kufuli, na akikuta kufuli mara mbili harudi.

Msiache hela ya SUN Bucks

Hiki ni kitu kingine tofauti na kituo na mtoto anaruhusiwa vyote viwili. Tangu 2024 kuna mpango wa kudumu wa kumpa kila mtoto anayestahili dola 120 za kununua chakula kwa sammer nzima, zinakuja kwenye kadi kama ya food stamp. Sio majimbo yote yamejiunga, angalia jimbo lenu. Familia iliyo kwenye food stamp watoto wao wa umri wa shule wanaingia wenyewe bila kuomba, vivyohivyo waliokubaliwa kwa fomu ya chakula cha shule. Wanaopigwa chenga ni wale ambao shule yao inalisha wote bure bila fomu, pale mzazi anadhani yumo kumbe hayumo, inabidi ajaze maombi ya jimbo. Kaa na kompyuta kituoni siku mbili mwezi wa sita uwasaidie wazazi kujaza.

Anuani nayo. Watu wetu wanahama apatimenti kila mkataba ukiisha, kadi inatumwa anuani ya zamani iliyoko shuleni, kwenye bahasha ya kawaida kabisa inayofanana na matangazo, na ikifika inatupwa. Waambie wabadilishe anuani shuleni kabla shule haijafungwa, na waonyeshe bahasha inafananaje kama mmoja wao ameshaipata.

Kama kwenye mji wenu kituo kipo tayari na hamhitaji kufungua kingine, mzazi anaweza kupiga 211 (simu ya kuelekezwa kwenye misaada ya eneo lenu) au namba ya taifa ya njaa 1-866-348-6479 akatajiwa kilicho karibu naye, USDA pia wana ramani ya vituo mtandaoni ila inajaa vizuri kuanzia mwezi wa sita. Apige kuhakikisha kabla ya kutoka, saa hubadilika.

Wiki ya mwisho

Kituo mara nyingi kinafunga wiki moja mbili kabla shule hazijafunguliwa, na hizo wiki mbili ni ndefu. Mwulize sponsa nani anaendelea mpaka mwisho, waandikie watoto jina la hicho kituo kwenye karatasi waende nayo nyumbani, na kama hakuna basi yale maboksi ya benki ya chakula yapangeni yaangukie wiki hizo. Karatasi zote halisi za hesabu na joto mkabidhi sponsa, wewe baki na kopi, sheria inataka zitunzwe miaka 3. Kabla hujarudisha madeli mwambie kama mwakani unataka kituo hichohicho na milo mingapi, mwandikie na email kabisa, manake kufika mwezi wa kumi na mbili yule uliyekuwa unaongea naye anaweza kuwa ameshahama kazi.